Akikosa Kufika, Nani Atamuulizia?

Maandiko ya kusoma: Luka 15:3–7; Yohana 9:1–12; Kutoka 16:16–18



Mfano wa mchungaji mwenye kondoo mia tunaujua tangu shule ya Jumapili. Mara nyingi tunauhubiri tukikazia safari ya usiku, milima, na furaha ya kurudi na kondoo mabegani. Leo naomba tuanze mapema kidogo, kabla ya safari. Yule mchungaji alijuaje kwamba mmoja hayupo? Kondoo tisini na tisa ni wengi. Wakiingia jioni, zizi linaonekana limejaa. Mtu mwingine angefunga mlango, ale, alale. Huyu alijua kwa sababu alikuwa anahesabu, na alihesabu kwa sababu kila mmoja alikuwa wake.

Mimi nimekuwa mwalimu wa shule za umma upande wa Dagoretti kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Kila asubuhi nilikuwa naita majina kwenye rejista. Jina likiitwa na kukosa jibu, kuna mtoto atasema, "Mwalimu, ni mgonjwa," au, "Mwalimu, wamehamia Kangemi." Kimya kinajibiwa na mtu. Lakini kuna watoto ambao jina lao halijawahi kuitwa hata siku moja, kwa hivyo kukosa kwao hakusikiki. Wengi wa hao ni watoto wenye ulemavu.

Basi swali langu wiki hii ni hili: mtoto mwenye ulemavu akikosa kufika shuleni, nani atamuulizia? Sijauliza nani atamhurumia. Huruma tunayo, tena nyingi. Nauliza nani atagundua kwamba hayupo, na kama tuna deni la kumtafuta.

Hesabu ambayo haijakamilika

Tuanze na hesabu ya taifa. Sensa ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Sensa ya 2019, iliyoangalia watu wa miaka 5 na kuendelea, ikasema asilimia 2.2, yaani watu karibu 900,000. Halafu utafiti wa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, ile KISE iliyo Kasarani, uliotolewa 2018, ukaangalia watoto na vijana peke yao. Huo ulipata kwamba zaidi ya asilimia 11 wana ulemavu au mahitaji maalum ya kujifunza.

Wataalamu watakwambia kila mmoja alitumia kipimo chake, na ni kweli. Lakini mtu aliyeishi kwenye plot za Kawangware au Kangemi anajua sababu nyingine. Karani wa sensa anapiga hodi, anaulizwa chai, anaambiwa watoto ni wawili. Wa tatu yuko chumba cha ndani na mlango umerudishwa. Jirani wa miaka kumi hajawahi kumwona.

Kwa nini afichwe? Wazazi hao si watu wabaya. Wengi wamechoka, na wengi wanaogopa maneno. Upande wa baba umesema laana imetoka upande wa mama. Jirani amesema ni kafara. Na tuseme ukweli mbele za Mungu: wakati mwingine neno lililomfungia mtoto yule ndani limetoka madhabahuni. Mama amekuja na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ameombewa, ameambiwa atubu dhambi iliyojificha, ameambiwa arudi na imani zaidi. Baada ya mara ya nne anaona heri mtoto abaki nyumbani.

Soma Yohana 9. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa haoni, swali lao la kwanza lilikuwa la kosa: ni la nani, lake au la wazazi wake? Bwana alikataa swali lenyewe. Hakuwapa jina la mkosaji. Aligeuka akafanya kazi iliyokuwa mbele yake, kisha akamtuma mtu yule aende mwenyewe mpaka birikani. Endelea mpaka mstari wa nane na wa tisa. Mtu yule aliporudi, majirani walianza kubishana kama ndiye au siye. Jamani, walikuwa wanampita kila siku! Walizoea kumwona akiomba. Uso wake hawakuwa wameutazama.

Mimi naamini uponyaji. Nimeuona. Lakini sijaona andiko linalosema mtoto angoje kuponywa ndipo afundishwe kusoma. Tunaombea homa na tunanunua dawa. Tunaombea kazi na tunaandika barua za maombi. Mbona kwa mtoto asiyetembea tunaomba halafu tunasahau rejista? Mwombee Jumapili, na Jumatatu awe darasani.

Mlango uliofunguliwa

Tusipokumbuka tulikotoka tutadhani hakuna kilichofanyika. Kimefanyika kikubwa, na kanisa lilitangulia. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika. Mwaka 1961 Wakatoliki walianza kuwafundisha viziwi Nyang'oma na Mumias. Mwaka 1962 ikaanza Joytown, Thika, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Hao waliona mtoto mahali ambapo wengine waliona mzigo.

Serikali nayo ikaingia hatua kwa hatua. Tume ya Ominde ya 1964 tayari ilizungumzia kuwafundisha watoto hawa pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianza vituo vya tathmini vinavyojulikana kama EARC, ambako mtoto hupimwa ili ijulikane anahitaji nini. Mwaka 1986 ikaundwa KISE ili walimu wafunzwe kazi hii.

Kisha ukaja mwaka 2003. Wazazi wa umri wangu mnaukumbuka. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, idadi ya watoto kwenye shule za msingi ilipanda kutoka milioni 5.9 mwaka 2002 hadi milioni 7.2. Kule kwetu tulifundisha chini ya miti. Mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyosema hakuna shule itakayomkataa mtu kwa sababu ya ulemavu peke yake. Lakini iliongeza sharti: ikiwa ana uwezo wa kujifunza mambo ya maana katika somo hilo. Unaona sharti hilo? Aliyetaka kukataa alikuwa amepewa pa kupitia. Angesema tu, "Huyu hawezi."

Katiba ya 2010 ikakaza zaidi. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitoa sera ya wanafunzi wenye ulemavu, ikaiweka elimu jumuishi kuwa ndiyo njia kuu. Na mwezi wa Mei 2025 rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu, ambayo mswada wake ulipelekwa Seneti na Crystal Asige, seneta ambaye yeye mwenyewe ana ulemavu wa kuona.

Wala si karatasi tupu. Hapa kwetu magharibi ya jiji, Shule ya Msingi ya Kilimani imewasomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona kwa miaka mingi. Moi Girls Nairobi imekuwa ikipokea wasichana wasioona. City Primary, Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji. Viziwi wamekuwa wakitahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya badala ya Kiswahili. Mtaala wa sasa umeweka njia ya kujifunza kwa hatua kwa mtoto asiyeweza kufuata gredi kama wenzake. Kwa kila moja ya haya kuna mzazi aliyekataa kurudi nyumbani na jibu la hapana.

Kuingia si kupokelewa

Sasa tuingie penye uchungu. Mtoto anaweza kuandikishwa na bado asiwe na shule.

Mama mmoja aliniambia kwamba binti yake, anayetumia kiti cha magurudumu, alikuwa hanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni. Chai ya asubuhi alikuwa anaikataa. Mama alidhani ni ugonjwa. Kumbe mlango wa choo cha shule ulikuwa mwembamba kuliko kiti, na ndani hakuna pa kushika. Msichana wa miaka kumi na mmoja alikuwa amepiga hesabu zake: nisipokunywa, sitahitaji kwenda. Kwenye takwimu mtoto huyo ameandikishwa. Kwenye ripoti shule ile inaitwa jumuishi. Yeye anakaa na kiu.

Kuna mwingine ana uoni hafifu, yuko kiti cha nyuma kabisa kwa sababu ni mrefu. Mwaka mzima ameambiwa ni mvivu wa kunakili. Kuna mwenye kifafa ambaye kila akianguka anarudishwa nyumbani wiki nzima. Kuna anayeletwa, anawekwa kwenye veranda, anapewa chaki achore mpaka saa tisa. Mwalimu atakwambia, "Huyu hatusumbui." Ndiyo sifa pekee aliyopewa.

Halafu kuna safari. Ukipanda 46 kutoka mjini kwenda Kawangware na mtoto unayembeba mgongoni na kiti chake cha magurudumu umekikunja mkononi, makanga anakuitisha nauli ya watu wawili na ya mzigo, kama hajakwambia ungoje gari lingine. Shule inaweza kuwa na mlango mpana kama wa hekalu. Kama barabara ya kufika ni matope na gari halisimami, mlango huo umefunguliwa kwa nani?

Ndiyo maana nasema kipimo cha kwanza kisiwe idadi ya walioandikishwa. Tuulize mambo matatu. Je, anajifunza? Je, ana rafiki? Na siku asipofika, kuna mtu anayemuulizia? Ikiwa wiki inapita na hakuna mwalimu wala mtoto aliyeuliza yuko wapi, basi alikuwa ameingia tu, hakuwa amepokelewa.

Je, ni haki kwa wale tisini na tisa?

Kuna swali ambalo watu wema huuliza kwa sauti ya chini, na halistahili kupuuzwa. Nimelisikia kwenye chumba cha walimu na kwenye mikutano ya wazazi. Mwalimu ana watoto sitini, wakati mwingine zaidi. Ukimwongezea mmoja anayehitaji robo saa yake peke yake, hiyo robo saa imetoka kwa nani? Je, si dhuluma kwa wengine?

Najibu kama mtu aliyesimama mbele ya darasa la namna hiyo. Ni kweli mwalimu ameelemewa. Lakini angalia vizuri: mtoto mwenye ulemavu siye aliyefanya darasa likawa la watu sitini. Msongamano ulikuwepo kabla yake. Tukitafuta wa kupunguza na kumchagua yeye, tumetatua shida ya wakubwa kwa kumtoza mdogo asiye na sauti. Hiyo haiwezi kuitwa haki kwa wengine.

Pili, tumezoea kudhani haki ni kugawa sawasawa. Soma habari ya mana katika Kutoka 16. Kila mtu aliokota kulingana na haja ya hema lake. Aliyepata nyingi hakubakiwa, na aliyepata kidogo hakupungukiwa. Hakuna aliyeinuka kulalamika kwamba hema la jirani limepewa zaidi. Mzazi mwenye watoto watatu anajua jambo hili bila kuhubiriwa. Mmoja akiwa na pumu unatumia pesa nyingi kwake mwezi huo, na wale wengine hawajaibiwa.

Tatu, vitu vingi anavyohitaji mtoto huyu vinawafaa wote. Mwalimu akiandika kwa herufi kubwa, darasa zima linaona. Akizungumza ameelekea wanafunzi badala ya ubao, wote wanasikia. Mteremko wa saruji penye ngazi unamsaidia pia mwalimu mjamzito na nyanya aliyekuja kuchukua ripoti. Kumkalisha mbele mtoto mwenye ualbino na kumruhusu avae kofia wakati wa gwaride hakugharimu hata shilingi.

Yapo yanayogharimu, na hayo tusimtwike mwalimu. Ruzuku ya elimu bila malipo kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mashine moja ya kuandikia breli ni makumi ya maelfu. Hapo hapana cha kufidia kwa upole wa moyo wa mwalimu. Ni kazi ya wanaopanga bajeti pale Harambee Avenue, na ni kazi yetu sisi walipa ushuru kuwauliza. Nchi ikishaandika kwenye katiba kwamba hii ni haki, haiwezi kuitoa kama sadaka siku ikipata chenji.

Na tuwafikirie wale tisini na tisa wenyewe. Mchungaji alipoondoka, waliobaki walijifunza nini? Walijifunza kwamba siku mmoja wao akipotea, atatafutwa. Usalama wao ulikuwa kwenye safari ile ile ambayo ungedhani imewanyima. Ndugu yangu, ulemavu ni mlango ambao yeyote kati yetu anaweza kuupitia kesho. Ni boda boda moja kwenye Waiyaki Way. Ni kisukari kilichokaa kwenye macho. Ni kiharusi asubuhi ukifunga viatu. Watoto wanaosoma na mwenzao asiyetembea, wakamsukuma, wakagombana naye, wakashindwa naye hesabu, wamefundishwa jambo ambalo hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kuwapa: kwamba mtu haondoki kwenye hesabu kwa sababu mwili wake umebadilika.

Shule maalum au shule ya jirani?

Wazazi wengine wataniuliza: basi shule maalum zifungwe? Hapana, na hapa tuwe waangalifu. Neno zuri linaweza kutumiwa kumwumiza mtu.

Fikiria mtoto kiziwi aliyewekwa kwenye darasa la wanaosikia, bila mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya ishara. Amekaa katikati ya watu sitini na yuko peke yake. Midomo inacheza, wenzake wanacheka, yeye anatazama. Kwa mtoto kama huyo, shule ya viziwi inaweza kuwa mahali pa kwanza duniani ambapo ameeleweka. Reuben Kigame, ambaye nyimbo zake tunaziimba, alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo. Alisomea shule ya wasioona Kibos, akaenda Thika, akafika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tusizidharau shule zilizomlea.

Lakini angalia na upande wa pili. Thika ni zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Mtoto wa miaka sita anaondoka na sanduku na kurudi wakati wa likizo. Ndugu zake wanakua bila kujua ishara hata moja, na kwa majirani amekuwa mgeni wa Desemba. Akimaliza masomo anarudi mtaa usiomjua na kanisa lisilomjua. Amepata elimu, na amepoteza watu ambao wangemuulizia.

Katiba yenyewe iliona ugumu huu. Kifungu cha 54 kinasema taasisi ziunganishwe na jamii kwa kadiri inavyopatana na maslahi ya mtu mwenyewe. Maslahi yake, si urahisi wa mwalimu mkuu, si aibu ya wazazi, wala si sifa za wizara kwenye ripoti. Kwa hivyo mzazi asilazimishwe kuchagua kati ya lugha ya mtoto wake na nyumbani kwake. Akimpeleka shule maalum, iwe ni kwa sababu kule atajifunza vizuri zaidi. Isiwe ni kwa sababu shule iliyo mita mia mbili kutoka kwake ilimwambia, "Mama, hapa hatuna mwalimu wa watoto kama hawa."

Na sisi je?

Tukiwauliza hedimasta na waziri, haki ni tujiulize pia. Makanisa mengi ya katikati ya jiji hukutana ghorofani, kuanzia Tom Mboya hadi River Road. Ngazi ni tatu, nne, na lifti ni ya kubahatisha. Ni wangapi hawaji kwa sababu hiyo, na ni nani amewahi kuwauliza? Je, darasa letu la shule ya Jumapili lina mtoto hata mmoja mwenye ulemavu? Kama halina, tusiseme hatuna watoto hao. Asilimia zile zinatuambia tunao. Hatujawahesabu.

Naomba tufanye mambo manne.

La kwanza, kila ushirika wa nyumbani uulize kwa upole, bila udaku, kama kuna mtoto wa umri wa shule ambaye yuko nyumbani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, lakini tusiende kutisha mtu na sheria. Twende tukimsikiliza.

La pili, tumsindikize mzazi. Aanze na kituo cha tathmini cha EARC kilicho karibu, mtoto apimwe na apewe ripoti. Asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye ofisi Waiyaki Way, maana usajili huo ndio unaofungua misaada mingine. Anayehitaji kiti au vifaa vya kutembelea aulize kwa APDK, hapo hapo Waiyaki Way. Nimeona mara nyingi: mama akienda peke yake anaambiwa rudi wiki ijayo. Akienda na wazee wawili wa kanisa anapewa kiti na kusikilizwa. Isingefaa kuwa hivyo, lakini mpaka ibadilike, tuwe wale wawili.

La tatu, wale mlio kwenye bodi za shule na kamati za wazazi, msikubali darasa jipya au choo kipya kijengwe, iwe ni kwa pesa za CDF au za harambee, bila mteremko na bila mlango mpana. Kuongeza wakati wa kujenga ni rahisi. Kubomoa baadaye hakuna atakayekubali kulipia.

La nne, tubadilishe maneno. Mtoto asiitwe kwa ulemavu wake. Ana jina. Na ushuhuda wa uponyaji usiwe ndio wakati pekee ambapo mtu mwenye ulemavu anapewa maikrofoni. Aimbe, asome neno, afundishe, ahesabu sadaka.

Wapendwa, deni la mtoto huyu haliishi siku amepata nafasi kwenye rejista. Linaendelea kila asubuhi jina lake linapoitwa. Siku atakapokosa kuitikia, darasa lisikie ule kimya na mtu aulize yuko wapi. Na siku hiyo tukisikia jibu ni kwamba amekaa nyumbani kwa sababu ya choo, au ngazi, au neno baya la mtu, basi tujue kazi ya mchungaji yule haijaisha, na tuvae viatu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Taja kwa jina mtoto mmoja mwenye ulemavu unayemjua mtaani kwako. Anasoma wapi? Kama hujui, utamuuliza nani wiki hii?

2. Je, kumwombea mtu uponyaji kunaweza kutufanya tusimwone jinsi alivyo leo? Tujadili tukisoma Yohana 9:8–9.

3. Shule iliyo karibu na ushirika wetu ina mteremko na choo kinachofaa? Nani kati yetu atakwenda kuangalia?

Tuombe: Bwana, wewe unatujua mmoja mmoja. Tufundishe kuhesabu kama wewe, na utupe miguu ya kutafuta. Wape walimu nguvu, wape wazazi ujasiri, na watoto hawa wapate nafasi yao kati ya wenzao. Katika jina la Yesu, amina.